Majogoo Waliotangulia Alfajiri

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kubeba ndoo ya makende ya ng'ombe kutoka machinjioni hadi maabara, kwa baiskeli, kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana walioniaga nilipostaafu mwezi uliopita walitoa hotuba nzuri sana kuhusu mzee wao aliyeitumikia sayansi, na hakuna hata mmoja aliyeitaja ndoo. Baada ya soda wakaniomba niandike niliyoyaona, yawafae wanaoanza. Nimekubali. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuwa vidogo, na kuvieleza ni kuwavunja moyo watu ambao bado wana miaka ya kutumikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimesoma shule ya misheni, na nimekwisha fukuzwa kazi mara moja. Nilikuwa karani stesheni ya Tabora, nikamsahihishia mkubwa wangu hesabu mbele ya abiria. Hesabu sahihi zilikuwa zangu, na kazi ikawa yake. Nikarudi nyumbani kwetu Itetemia kulima karanga, mpaka nikasikia kuna Mwingereza mwanamke anatafuta mtu ajuaye kusoma, kuandika, na kuvumilia harufu.

Jina lake lilikuwa Misi Peli. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye viatu vya kiume na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni, kwa hiyo kilikuwa safi kuliko chetu na hakikujua kutukana. Siku ya kwanza alinikalisha akaniuliza swali moja: jogoo anawika kwa nini? Nikamjibu kwamba anawika kwa sababu kunakucha. Akaniuliza anajuaje kwamba kunakucha. Nikamjibu kwamba anaona mwanga. Akaniuliza kama nimewahi kumsikia jogoo akiwika kungali giza. Nilikuwa nimewasikia maisha yangu yote. Nikamkubalia, naye akaandika kitu daftarini, nikaajiriwa.

Alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, ni nini ndani ya jogoo kinachomfanya awe jogoo: awike, apigane, na ile nyama nyekundu ya kichwani, yaani kishungi, isimame. La pili, ni nini kinachomwambia saa. Siku hizi vijana mnasema homoni kama mnavyosema chumvi. Wakati ule neno hilo halikuwa limefika Tabora, na mtu wa kwanza kulitafutia Kiswahili hakuwa msomi wa chuo. Nitamleta sasa hivi.

Ndoo kwanza. Misi Peli alijua kwamba makende ya fahali yana dawa ndani yake. Ukiyasaga, ukayaloweka kwenye spiriti siku kadhaa, ukachuja na kukausha mara nyingi, unabaki na mafuta machache ya rangi ya asali. Ndoo nzima hutoa mafuta ya kujaza kijiko cha chai, tena kwa kukisia vizuri. Kwa hiyo nilihitaji ndoo nyingi. Tabu ni kwamba pale machinjioni kulikuwa na wazee watatu ambao tangu enzi ya Wajerumani walikuwa wakigawiwa sehemu hizo bure, na walizichoma kwa chumvi na pilipili wakiamini kwamba zinawasaidia nyumbani. Nilipofika na barua ya serikali inayosema kwamba makende yote ya Tabora sasa ni mali ya utafiti, mmoja wao aliisoma barua yote, akaikunja, akaniuliza serikali inayahitaji ya nini, au wanaume wake wameishiwa. Nilipachikwa jina siku hiyohiyo. Nililibeba kwa miaka, hata kanisani.

Ili kujua kama mafuta yana nguvu, unahitaji jogoo asiye na ya kwake. Ni lazima ahasiwe awe maksai. Kishungi chake hunywea, hawiki, hapigani, hunenepa na kukaa kimya kama diwani mstaafu. Ukimdunga yale mafuta kila siku, kishungi kikianza kusimama tena, basi dawa ni ya kweli. Lakini kumhasi jogoo si kama kumhasi mbuzi. Ya jogoo yako ndani, mgongoni, karibu na mshipa mkubwa wa damu, na ukiukwaruza mshipa huo umepata mchuzi. Misi Peli alijaribu majogoo sita. Tulikula kuku wiki nzima.

Akaniuliza ni nani Tabora mwenye mkono mtulivu kuliko wote. Nikafikiri kwa uaminifu, nikamtajia ngariba.

Mzee Feruzi alikuwa ametahiri watoto wa mji huu kwa miaka thelathini na zaidi. Baba yake alikuja na msafara kutoka Manyema, akaugua miguu, msafara ukaendelea pwani bila yeye, naye akaoa hapa. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, mweusi, msafi, kanzu yake haina doa, na alikuwa na namna ya kukutazama mikono kabla ya kukutazama uso. Nilikwenda barazani kwake, nikamwamkia, nikapewa kahawa, nikazunguka mbali kama tulivyofundishwa, mpaka nikafika kwenye majogoo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kutikisa kikombe.

"Wana umri gani?" akaniuliza.

Nikamwambia miezi mitatu hivi.

"Na wazazi wao wameridhia?"

Nilidhani nimemtukana. Nikaanza kuomba radhi, nikaona mabega yake yanatetemeka. Alikuwa anacheka, ila hakuruhusu kicheko kifike mdomoni.

Alikuja kesho yake na wembe wake mwenyewe. Kisu cha Misi Peli, kilichotoka Ulaya kwenye sanduku la mahameli, alikigeuza mara moja akakirudisha. Alimlaza jogoo ubavu, akanyofoa manyoya machache, akavuta ngozi pembeni, akapasua kijitundu kati ya mbavu mbili za mwisho, kisha akaingiza kitanzi cha unywele wa mkia wa farasi alichokisuka mwenyewe usiku ule. Alisema bismillahi, akavuta. Ngozi ikirudi mahali pake, jeraha hulioni. Jogoo alisimama akala mtama. Misi Peli alitazama mikono ile kama mtu anayesikia muziki. Siku hiyo alimwajiri, na mzee akaweka masharti mawili: yeye na Misi Peli wasizungumze kamwe, kwa maneno yaliyo wazi, juu ya kinachotolewa, na mjini ajulikane kama msimamizi wa ghala la serikali. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja waliita kile kitu "amana".

Vijana, mnipe sikio hapa. Kila nilichokijua cha kazi za mikono nilikipata kwake. Alinifundisha kunawa hadi kwenye viwiko, kunoa hadi wembe ukate unywele unaoning'inia, na kumshika mnyama kana kwamba wewe ndiye umechoka na unaegemea. Alinifundisha pia kutosema nimeelewa kabla sijaelewa. Misi Peli alipomweleza kwamba ile amana humwaga kitu kwenye damu, kitu hicho kikasafiri hadi kichwani na kooni na kutoa amri kule, mzee alifikiri akasema: "Basi huyo ni tarishi." Tarishi, kama yule wa bomani, anayezunguka na barua asizoziandika. Misi Peli alilipenda neno hilo kupita kiasi. Hadi leo nikisikia homoni, namwona mtu wa kaptula ya kaki na mkoba.

Maksai wetu walidungwa. Vishungi vilisimama. Mmoja, tuliyemwita Padri kwa sababu ya utulivu wake, siku ya kumi na moja alipanda juu ya debe na kuwika kwa sauti ya mlango mbovu. Misi Peli alimpigia makofi. Swali la kwanza likawa limejibiwa, likabaki la saa.

Pembeni mwa njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji kupitia Itetemia, kulikuwa na ghala ambalo mfanyabiashara mmoja wa kale alihifadhi pembe za ndovu. Kuta zake za udongo zilikuwa nene kama urefu wa mkono, dirisha hakuna hata moja, na mlango ulikuwa na ukumbi mwembamba nyuma yake na mlango wa pili. Yule tajiri alijenga hivyo kwa kuogopa wezi. Sisi tulilitaka kwa sababu jua halikuweza kuingia. Tuliwaweka humo majogoo wanane, wanne wazima na wanne maksai waliodungwa, Padri akiwemo. Fanusi moja ndogo iliyofunikwa kitambaa chekundu iliwaka siku zote, isizimwe wala isiongezwe mwanga. Chakula tuliwapelekea saa za ovyo, tukipiga kura kwa vijiti, ili wasiusome wakati kwa matumbo yao. Ilibidi pia majogoo wa jirani wahame, na kina mama wa Itetemia walikubali baada ya mazungumzo ambayo sitayaandika hapa, maana mmoja wao alikuwa shangazi yangu.

Kazi yetu ilikuwa kukaa ukumbini na kusikiliza. Mimi siku moja, Mzee Feruzi siku ya pili, kwa zamu. Jogoo mmoja akiwika, hiyo ni habari tu. Wakipokezana wote bila kupumzika, hiyo ndiyo alfajiri yao, na hiyo ndiyo tuliyoiandika. Tulikuwa na saa moja ya kengele, ambayo kila Jumatatu niliipeleka stesheni kuilinganisha na saa ya reli. Mzee aliandika kwenye daftari lake kwa herufi na tarakimu za Kiarabu alizojifunza chuoni utotoni, na mimi nikanakili kwenye kitabu kikubwa cha serikali: safu yangu kushoto, safu yake kulia. Misi Peli alipoona mambo yameanza vizuri, alikwenda Ziba kutazama ng'ombe wanakwenda malishoni na kurudi saa ngapi. Alisema atakaa wiki mbili hivi.

Siku ya kwanza waliwika saa kumi na nusu alfajiri, kama majogoo wote wa dunia. Zamu yangu iliyofuata walitangulia kidogo. Iliyofuata wakatangulia tena. Karibu robo saa kila siku. Nikasema saa imeharibika, nikaikimbiza stesheni, ikakutwa ni sahihi. Nikasema nimesinzia. Sikuwa nimesinzia. Ikafika zamu ambapo wote wanane walipokezana saa nane na nusu, huko nje nyota zimetulia na hata fisi hajafikiria kwenda kulala.

Nilikaa na kalamu mkononi. Kila mtu anajua jogoo anawika alfajiri. Bibi yangu anajua, askofu anajua. Nikiandika saa nane na nusu, mtu gani atasema majogoo wamekosea? Watasema Maganga, yaani mimi, alikuwa amelewa. Nilikwisha fukuzwa kazi moja kwa sababu ya namba zilizokuwa sahihi. Nikaandika saa kumi na nusu.

Na nilifanya kwa ufundi, sitaficha. Sikurudia dakika zilezile. Zamu moja niliwaweka dakika tatu mbele, nyingine mbili nyuma, ili namba zipumue. Nikarudi nyuma nikazirekebisha na zile za mwanzo. Safu yangu ikawa nzuri ya kuwekwa kwenye fremu. Ya mzee sikuthubutu kuigusa. Kugusa daftari lake kulikuwa kama kugusa msahafu wake. Nikazinakili zote kama alivyoziandika, zikiteremka siku hadi siku kama mtu anayeshuka ngazi. Niliwahi kumsikia akisema, wakati wa kupokezana zamu, kwamba majogoo wetu wana haraka. Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Wiki mbili zilipotimia akaja mkubwa wa idara kutoka makao makuu, katika ziara yake ya mwaka. Tulimwita Bwana Mkubwa, na hakuwa na ubaya wa kupita kiasi. Ghala alilitaka kwa ajili ya ngozi za ng'ombe tangu zamani. Alifungua kitabu kikubwa. Safu ya kushoto: saa kumi na nusu, saa kumi na nusu. Safu ya kulia ilikuwa imefika saa saba usiku. Akaniuliza kwa Kiingereza ni nani huyu wa pili. Nikamwonyesha Mzee Feruzi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia yake. Akaomba daftari lake, akaona zile herufi zinazotoka kulia, akalifunga. Akasema huyu mzee hajui kusoma, analala kazini, na anaandika chochote. Akanipongeza mimi kwa mwandiko. Akasema mzee aondoke siku hiyo.

Mimi ndiye niliyeambiwa nimtafsirie.

Nilitafsiri. Nilisema kwamba Bwana Mkubwa anaona kazi ya zamu ni nzito kwa mtu wa umri wako. Mzee alinitazama mikono. Kisha akaukunja wembe wake kwenye kitambaa, akasema haya, akaondoka kwa mguu kuelekea mjini, polepole, bila kugeuka.

Misi Peli aliporudi kutoka Ziba, miguu imebabuka kwa jua, alikuta mambo yamekwisha. Alikaa na kitabu muda mrefu. Akaniuliza ni yupi kati yetu aliyelala. Nikasema sijui, Bibi, labda mzee alichoka. Neno hilo, labda, lilikuwa na uzito wa gunia, na niliona halikumridhisha, lakini hakuwa na la kushika. Akaniagiza nisikilize kila siku peke yangu. Nikasikiliza. Majogoo waliendelea kurudi nyuma kupita usiku wa manane, nami nikaendelea kuandika saa kumi na nusu. Waswahili husema za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika.

Ijumaa moja, sokoni, nilikutana na Bi Zuhura, mke wa mzee. Nilitaka kupita nyuma ya mafungu ya mihogo akaniwahi kwa jina. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akaniuliza habari za mama. Akatoa mkobani vitumbua vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Akasema mzee amehesabu kwamba sasa nakesha kila siku bila wa kunipokea, na kwamba mtu akikesha na njaa atasinzia, na akisinzia ataonewa kama alivyoonewa yeye.

Nilivila njiani. Nilipofika maabara, Misi Peli alikuwa anapima vishungi kwa kile kipimo chake cha bati. Nilisimama upande wa pili wa meza nikamwambia yote: siku ya kwanza niliyobadilisha, namna nilivyozifanya zipumue, na kwamba safu ya kulia ndiyo ya kweli. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kujitetea.

Hakupandisha sauti. Aliweka kipimo mezani, akavua miwani.

"Kila mtu anajua jogoo huwika alfajiri," akasema. "Sikupanda meli kuja kuandikiwa jambo ambalo kila mtu analijua. Maganga, umefuta kitu pekee ambacho sikukijua."

Nilingoja anifukuze. Badala yake alilifungua daftari la mzee, akanitaka nimsomee tarakimu moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye karatasi ya miraba. Zilishuka kwa mstari ulionyooka. Alieleza kama anayejisemea mwenyewe: mle ndani hakuna jua la kuwarekebisha, nao wamebaki na saa yao ya ndani, na saa hiyo ya ndani inakimbia kidogo. Maksai na wazima wanatangulia sawasawa. Kwa hiyo tarishi huleta sauti tu. Saa si ya tarishi. Saa imo mahali pengine. Alikuwa mwekundu hadi shingoni kwa furaha, na katikati ya furaha yake akanikumbuka. Akasema nikamlete mzee, kwa miguu yangu, na nimweleze mwenyewe.

Nilimkuta barazani. Safari hii sikuzunguka. Nilimweleza kama nilivyomweleza Bibi, na nikamwambia pia kwamba tafsiri yangu siku ile haikuwa tafsiri. Bi Zuhura alikuwa ndani nyuma ya pazia na niliusikia mwiko ukisimama chunguni.

"Mji huu nusu yake nimeutahiri mimi," mzee akasema. "Hakuna hata mmoja anayeweza kusema nilisinzia kazini. Na wewe ulijua."

Nikasema nilijua.

Akasema hatarudi kwa maneno ya Bibi, wala kwa machozi yangu, ambayo, akaongeza, hayaoni. Atarudi siku ambayo Bwana Mkubwa atasimama kwenye ukumbi ule na kusikia kwa masikio yake mwenyewe. Kisha akaomba nimkumbushe waliwika saa ngapi jana. Nikamwambia ni saa tano usiku. Akahesabu kwa vidole, pingili kwa pingili, kama anayevuta tasbihi, akasema baada ya siku kumi na saba hivi watawika jua linapozama. Basi Bwana Mkubwa aalikwe magharibi, si lazima akeshe.

Misi Peli alituma simu. Bwana Mkubwa alikuwa na safari ya Kigoma, akajibu kwamba atashuka Tabora kutwa moja, na kwamba kama atasikia hadithi tu, ghala litajazwa ngozi kabla hajafika Kigoma. Siku zile kumi na saba nilizisikiliza kama mgonjwa anayesikiliza moyo wake. Niliandika kila nilichosikia, hata kilichonichekesha.

Siku ilipofika tulisimama ukumbini watu wanne: Bwana Mkubwa, Misi Peli, mimi, na Mzee Feruzi katika kanzu ya Idi. Mlango wa nje ulibaki na upenyo mdogo, na kwenye upenyo ule tuliona mwanga umekuwa wa rangi ya shaba. Ndani kimya. Viatu vya Bwana Mkubwa vililia kila alipohamisha uzito. Jua likazama. Tukasikia kwa mbali adhana ya magharibi kutoka mjini. Mzee hakusogea. Dakika zikapita. Bwana Mkubwa akatoa saa mfukoni, akaitazama, akamtazama Misi Peli, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kutoa hukumu kwa upole.

Padri akawika. Ile sauti ya mlango mbovu, haikunipendeza kabla wala baada ya siku ile kama ilivyonipendeza pale. Akajibiwa na wa pili, wa tatu, kisha wote wanane wakapokezana bila kupumzika, alfajiri nzima, huku nje giza linaingia na popo wanatoka.

Bwana Mkubwa alisimama na saa yake mkononi. Mzee Feruzi alivaa kofia vizuri.

"Mimi nakwenda kuswali magharibi," akaniambia. "Mwambie hao wameshaamka."

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno.

Bwana Mkubwa alikagua fanusi, akakagua kuta, akauliza kama kuna mtu aliyewapa ishara. Hakuomba radhi, nadhani cheo chake hakikuwa na nafasi ya jambo hilo. Lakini aliandika kwenye kitabu kikubwa, kwa mkono wake, kwamba msikilizaji wa pili arudishwe kazini na ghala libaki lilivyo. Ngozi zilitafutiwa mahali pengine.

Vita vikuu vilipokuja utafiti wetu ulisimama. Majogoo waliliwa na kambi ya jeshi, Padri pamoja nao, na aliyempika alilalamika kwamba alikuwa mgumu. Misi Peli alirudi kwao. Mimi nilihamishwa huku na huko: mbuzi, punda, ng'ombe wa Ziba, miaka ya mbung'o kule Urambo ambayo ningeweza kuieleza kama ingekuwa na la kueleza zaidi ya kuumwa. Nilizeeka vizuri. Sikubadilisha namba tena, na hilo si sifa; ni kama kusema mtu aliyeungua hashiki tena moto.

Vita vilipokwisha, bahasha ilifika kutoka Uingereza. Misi Peli alikuwa amechapisha kazi yetu katika jarida la wataalamu, kurasa tisa, na ile michoro ya mistari inayoshuka. Nikaichukua hadi barazani kwa Mzee Feruzi, ambaye macho yalikuwa yamefifia na wembe amemwachia mwanawe. Akaniambia nimsomee yote kwa Kiswahili, nisiruke kitu. Nikasoma. Palipoandikwa juu ya fundi wa Tabora ambaye mkono wake haukupoteza hata jogoo mmoja, alinitaka nipumzike kidogo ili Bi Zuhura asikie vizuri. Palipoandikwa kwamba ni yeye aliyegundua kwanza kwamba ndege wanatangulia, alikohoa.

Ukurasa wa saba niliona mstari mmoja mdogo chini. Niliusoma kimoyomoyo. Mzee hakujua Kiingereza, wala Bi Zuhura; ningeweza kugeuza ukurasa na hakuna ambaye angejua hadi kiama.

"Mbona umenyamaza?" mzee akauliza. "Na wewe umeandikwa wapi?"

Nikamwambia nimeandikwa hapa. Nikatafsiri: "Kumbukumbu za msikilizaji wa kwanza, za wiki za mwanzo, hazikutumika, kwa kuwa zilikuwa nzuri mno."

Mabega ya Mzee Feruzi yakaanza kutetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kicheko kikafika mdomoni na kutoka nje kabisa, mpaka Bi Zuhura akafunua pazia kuona kuna nini. Alipopata pumzi akafuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Huo," akasema, "usome tena."

Nikausoma tena.